Sarufi ya Mtoto wa Kiewe

Je, mtu aweza kuitwa mjuzi wa jambo ambalo hawezi kulieleza? Swali hili lina umri mkubwa, na aghalabu huulizwa juu ya watu wazima. Mfumaji wa nguo za kente katika mji wa Kpetoe, mashariki ya Ghana, huupitisha uzi wake kati ya nyuzi zilizotandwa akatoa mapambo yasiyokosea hata safu moja. Lakini akiombwa kueleza kwa maneno hesabu iliyo katika vidole vyake huenda akacheka, akamwambia mwulizaji atazame tu. Gilbert Ryle, mwanafalsafa wa Uingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1949, alitenga kujua namna ya kutenda jambo na kujua kwamba jambo liko hivi au hivi, akasema kuwa kujua kwa kwanza si mtumwa wa kujua kwa pili. Hoja hiyo imekubaliwa na wengi kwa ajili ya mafundi. Lakini yupo mjuzi mwingine ambaye hakumbukwi sana katika mjadala huu, pengine kwa sababu hajaota meno yote. Naye ni mtoto anayeipata sarufi ya lugha yake ya kwanza.

Mtoto atakayetazamwa hapa ni wa Kiewe. Waewe ni watu wa kusini mashariki ya Ghana na kusini ya Togo, nao huhesabiwa kwa mamilioni. Sikio la Mswahili hulisikia jina lao kama wito, lakini wenyewe huandika Eʋe, na ile herufi ya katikati ni sauti inayotolewa kwa midomo miwili kukaribiana bila ya meno kushiriki. Sauti hiyo ikitolewa kwa meno ya juu na mdomo wa chini, neno huwa eve, na maana yake ni mbili. Mgeni mwenye shahada tatu aweza kukaa Lomé mwaka mzima akijisifu kuwa anajifunza lugha ya mbili, na watoto wa jirani wakamvumilia.

Uchaguzi huu una sababu. Elimu ya namna watoto wanavyopata lugha imejengwa zaidi juu ya watoto wa Ulaya na Marekani. Kitabu mashuhuri cha Roger Brown cha mwaka 1973 kilitegemea watoto watatu waliosema Kiingereza. Kuanza na mtoto aliye karibu si dhambi. Dhambi ni kumfanya kibaba cha kuwapimia wote. Wataalamu kadhaa waliona kwamba watoto wa Kiingereza huchelewa kuimudu kauli ya kutendwa, wakatoa hukumu kwamba akili ya mtoto mdogo haijapevuka kiasi cha kuibeba. Mwaka 1989 Katherine Demuth alionyesha kwamba watoto wa Kisotho huitumia kauli hiyo kabla ya kutimiza miaka mitatu, kwa kuwa lugha ya nyumba yao huitumia kila saa. Hukumu ile haikuwa juu ya akili ya mtoto hata kidogo. Ilikuwa juu ya mazungumzo ya Kiingereza.

Juu ya Kiewe, kosa lililo karibu ni jingine. Mtu aliyelelewa na Kilatini, au aliyezoea ngeli za Kiswahili na upatanisho wake, akikitazama Kiewe mara ya kwanza hudhani kwamba sarufi haikufika huko. Nomino hazina makundi yanayolazimisha sentensi nzima kufuata mkumbo. Hakuna jinsia ya kike na ya kiume katika viwakilishi. Kitenzi hakivai miisho ya watu na nyakati kama kivaavyo katika Kifaransa. Kwa mtazamaji wa namna hiyo, mtoto wa Kiewe ana kazi nyepesi, na hivyo hastahili sifa kubwa. Lakini sarufi si miisho ya maneno peke yake. Mzigo ambao lugha nyingine huuweka mkiani mwa neno, Kiewe huuweka katika mpando na mshuko wa sauti, na katika mahali ambapo neno limewekwa. Mizigo hiyo haionekani kwa jicho la mpita njia, ila huonekana mara moja pale mtu anapokosea.

Chungu kimevunjika uani. Mkubwa mmoja anasema, egbã ze la. Kama silabi ya kwanza imetolewa kwa sauti ya juu, maana yake ni kwamba yeye, mtu mwingine, amevunja chungu. Kama imetolewa kwa sauti ya chini, nayo katika maandishi hutiwa alama ikawa è, maana yake ni kwamba wewe umevunja chungu. Baina ya mshitakiwa na asiye na hatia hapana konsonanti wala irabu iliyobadilika. Ni kimo cha sauti tu. Kadhalika míe ni sisi na mie ni ninyi, na tofauti ni ile ile ya juu na chini. Mtoto ambaye bado anafungwa vifungo vya nguo na dada yake anajua kwa hakika ni nani amesemwa, na kama ameonewa hulia. Kilio hicho ni ushahidi mzuri wa sarufi. Hakulia kwa sababu ya chungu, bali kwa sababu ya toni.

Mpangilio wa maneno nao una siri zake. Ama no tsi ni kusema kwamba Ama alikunywa maji: mtendaji, kitenzi, kitendwa, kama katika Kiswahili. Lakini tendo likiwa linaendelea, husemwa Ama le tsi nom, na hapo maji yametangulia mbele ya kunywa. Mtoto basi hasikii mpangilio mmoja. Husikia miwili, nayo ni juu yake kugundua kwamba huu si ovyo, kwamba kitendwa huruka mbele palipo na le na ile m ya mwisho. Tena husikia vitenzi viwili vikifuatana bila ya kiungo: Ama ɖa te ɖu, yaani Ama alipika kiazi kikuu akakila. Kiazi kimetajwa mara moja na kinatumikia vitenzi viwili, na masikio yasiyozoea yatauliza Ama alikula nini. Mtoto wa Kiewe haulizi.

Ni nani aliyemfundisha? Hapana mama, awe wa Boston au wa Keta, anayemketisha mtoto wa miaka miwili na kumwambia kwamba kitendwa hutangulia kitenzi katika hali ya kuendelea. Mama mwenyewe hana maneno ya kulisema jambo hilo, ingawa halikosei kamwe. Roger Brown na Camille Hanlon, katika utafiti wao wa mwaka 1970 juu ya wazazi wa Kimarekani, waliona kwamba mzazi humrekebisha mtoto zaidi katika ukweli wa maneno kuliko katika umbo lake. Mtoto akisema neno la kweli kwa sarufi mbovu, hukubaliwa. Akisema la uongo kwa sarufi safi, hukanywa. Kama malezi hayo yangekuwa ndiyo shule ya sarufi, watoto wangetoka humo wakiwa wakweli wasiojua kusema. Linalotokea, kwa bahati au kwa bahati mbaya, ni kinyume.

Lakini yote hayo ni mepesi yakilinganishwa na kiwakilishi kimoja kidogo ambacho kimewafanya wataalamu wa nchi nyingi wajifunze angalau sentensi tatu za Kiewe. Katika Kiswahili mtu akisema, Kofi alisema kwamba aliondoka, msikilizaji hajui kwa yakini ni nani aliyeondoka. Aweza kuwa Kofi mwenyewe, aweza kuwa mwingine aliyekwisha tajwa. Kiingereza na Kifaransa vina utata huo huo. Kiewe hakina. Kofi be yedzo maana yake ni kwamba Kofi alisema kuwa yeye Kofi aliondoka. Kofi be edzo maana yake ni kwamba Kofi alisema kuwa mtu mwingine aliondoka. Kiwakilishi ye kimewekwa akiba kwa ajili ya yule ambaye maneno yake, au mawazo yake, yanasimuliwa. Claude Hagège alikipa kikundi cha viwakilishi vya namna hii jina la kitaalamu mwaka 1974, na mwaka uliofuata George Clements aliandika uchambuzi wa Kiewe ambao unasomwa hata sasa.

Msomaji na ajaribu kukaa mahali pa mtoto. Anasikia Kofi be yedzo, naye anamjua Kofi, na anaona kwamba Kofi hayupo. Ye ni nini? Huenda ni jina jingine la Kofi. Huenda ni neno la mtu aliyeondoka. Huenda ni neno la mwanamume, au la mtu aliye mbali, au la mtu anayeheshimiwa. Kesho yake atasikia ye ikitumiwa kwa nyanya, na keshokutwa kwa mtoto mwenzake, na siku nyingine ataisikia katika jambo ambalo mtu aliliwaza tu bila ya kulitamka. Kila dhana itaanguka, lakini hapana atakayemwambia kwamba imeanguka. Tena maana anayoitafuta haionekani kwa macho. Chungu huonyeshwa kwa kidole, na maji huonyeshwa. Ila hapana kidole kinachoweza kuonyesha kwamba maneno haya ni ya fulani na kwamba fulani huyo alikuwa akijisema mwenyewe. Ili kuikamata ye, mtoto hana budi kushika watu wawili kwa mara moja: huyu anayesimulia sasa, na yule aliyesema zamani, na kujua kwamba yule wa zamani, alipokuwa akisema, alijiita mimi. Ye ni mimi ya mtu mwingine iliyobebwa katika kinywa cha msimulizi. Wanafalsafa hulijadili jambo hili kwa jasho. Waewe wote hulipata, na hapana aliyekaa darasani ili alipate.

Majibu yaliyotolewa juu ya namna gani hulipata yanajulikana. B. F. Skinner, mwaka 1957, alisema kwamba mtoto huunda mazoea kwa kutuzwa na kutotuzwa. Noam Chomsky alimjibu mwaka 1959 kwa ukali uliompatia jina, kisha akaendelea kudai kwamba mtoto huzaliwa na misingi ya sarufi ndani yake, kwa kuwa anachokijua mwishoni ni kikubwa kuliko alichokisikia. Michael Tomasello, katika kitabu cha mwaka 2003, alisema kwamba hapana haja ya urithi wa namna hiyo. Mtoto husoma makusudi ya watu, hukusanya vipande vya maneno aliyoyasikia, na kidogo kidogo hutambua mifano yake. Wote hao walitanguliwa na Ibn Khaldun, ambaye katika utangulizi wa historia yake, mwaka 1377, aliandika kwamba lugha ni malaka, yaani ustadi uliokita ndani ya mtu kwa kusikia na kurudia, na kwamba ustadi huo ukishakomaa watu hudhani ni maumbile. Maneno yake yalihusu Waarabu na usemi wao, lakini yanamfaa Mwewe pia.

Katika mashindano haya ye haimpi mtu yeyote ushindi kamili. Tuzo la Skinner halitoshi, kwa kuwa hapana anayetuza. Misingi ya kuzaliwa nayo haitoshi peke yake, maana lugha nyingi za dunia hazina ye, na mtoto wa Kiewe akilelewa tangu kuzaliwa katika nyumba ya Kiingereza hatairithi kwa damu. Kusoma makusudi ya watu kunaonekana kukaribia zaidi, kwa sababu ye yenyewe ni habari ya makusudi na ya nafsi. Ila anayesema hivyo ana deni la kueleza kwa nini mtoto huanza kuyasoma makusudi hayo hata kabla ya kuwa na lugha. Waewe husema kwamba maarifa ni mbuyu, mikono ya mtu mmoja haiuzunguki. Methali hiyo huwafaa wataalamu kuliko watoto. Mtoto hauzunguki mbuyu, huupanda.

Hapa pana pingamizi lisilostahili kupuuzwa. Buibui naye hufuma, na ndege hujenga kiota, wala hapana anayewaita wanazuoni. Kama mtoto hakufundishwa, wala hawezi kueleza, mbona ujuzi wake usihesabiwe kuwa ni wa buibui? Jibu la kwanza ni kwamba buibui hufuma utando wa ukoo wake popote alipo, hali mtoto aliyezaliwa Keta akipelekwa kaskazini ya Togo na kulelewa na Wakabiye atasema Kikabiye. Amejifunza, basi, hakuchipua tu. Jibu la pili lina uzito zaidi. Buibui hadai haki. Hamwambii buibui mwenziwe kwamba utando huu si wake. Lakini mtoto aliyeambiwa è mahali palipostahili e hupinga, na akisimuliwa vibaya na ndugu yake hukanusha kwamba hakusema hivyo. Ujuzi wake unaweza kukosea, unaweza kukosolewa, na yeye mwenyewe huutumia kuwakosoa wengine. Kipawa ambacho mwenye nacho humwajibisha mwenziwe kwacho, naye akawajibishwa, ni vigumu kukinyima jina la ujuzi. Kushindwa kukieleza ni upungufu wa maneno ya kitaalamu, na upungufu huo mama yake anao, babu yake anao, na mfumaji wa Kpetoe anao.

Kishawishi kingine ni kizuri mno, na kwa hiyo yafaa kukataliwa mapema. Mtu aweza kusema kwamba, kwa kuwa lugha yao hutenganisha kwa uangalifu maneno ya msemaji na ya msimulizi, Waewe ni watu waadilifu zaidi katika kunukuu. La hasha. Mwongo wa Kiewe hutumia ye sawasawa kabisa, na uongo wake huwa wazi zaidi, si haba zaidi. Sarufi humpa mtu chombo, nao uadilifu ni jambo jingine, ambalo watoto wa Lomé na wa London hulipata kwa taabu ile ile au hulikosa kwa wepesi ule ule.

Mmoja wa watu walioipanga sarufi hii katika kitabu kikubwa alikuwa Diedrich Westermann, aliyefika Togo akiwa mmisionari wa Kijerumani mnamo mwaka 1901 na kuchapisha sarufi yake mwaka 1907. Bendera iliyopepea juu ya Lomé siku hizo ndiyo iliyopepea juu ya Dar es Salaam. Kitabu chake ni kazi ya heshima, na shule za misioni ya Bremen zilikuwa zikisomesha kwa Kiewe. Lakini yafaa kukumbuka alikichota wapi. Kila kanuni iliyomo ilikuwamo kwanza katika vinywa vya watu ambao waliipata kabla ya kujua kuandika majina yao. Mtaalamu aliuliza, wao wakajibu. Naye aliandika kwa Kijerumani kile ambacho mtoto wa miaka minne huko alikwisha kukimiliki kwa sehemu kubwa. Historia ya elimu humtaja aliyeandika. Si vibaya, ila si hesabu kamili.

Baada ya vita ya 1914 nchi ya Waewe iligawanywa baina ya Waingereza na Wafaransa, na watoto wa ukoo mmoja wakaingia katika shule za lugha mbili za kigeni. Katika makoloni mengi ya Kifaransa ya Afrika ya Magharibi, mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya nyumbani shuleni alivishwa kitu cha kumtahayarisha shingoni, akakivaa mpaka amkamate mwenziwe kwa kosa hilo hilo. Togo huru ilikiingiza Kiewe na Kikabiye katika shule kwa mageuzi ya mwaka 1975, yakatekelezwa nusunusu. Ghana nayo imegeuza shauri lake mara kadhaa. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza, kisha baadaye lugha za nyumbani zikarudishwa katika madarasa ya chini. Hoja zinazotolewa pande zote ni za gharama, za vitabu, za umoja wa taifa na za ajira. Ni hoja za kweli. Lakini chini yake mna dhana ambayo haisemwi, kwamba mtoto anaingia mlangoni akiwa mtupu, na ya kwamba swali lililobaki ni ajazwe kwa lugha ipi.

Basi na ajaaliwe mtoto huyo siku zake za kwanza darasani. Mwalimu anasoma hadithi kwa Kifaransa: Kofi alisema kwamba aliondoka. Mtoto anainua mkono na kuuliza ni nani aliyeondoka. Mwalimu anarudia sentensi ile ile kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto anauliza tena, kwa maana kurudia hakukuongeza kitu, na lugha anayoijua isingemruhusu mtu kusema jambo hilo bila ya kuchagua. Wenzake wanacheka. Katika daftari la mwalimu panaandikwa kwamba mtoto huyu hafuatilii.